Sura ya Nne: Yethro Hakuja Peke Yake

Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu usiku, na umeme ulikuwa umekatika. Mke wangu alikuwa ameweka taa ya chemli katikati ya meza, pembeni yake ugali, mchicha na dagaa. Zamu ya kuombea chakula ilikuwa ya mwanetu wa tatu, wa kiume, aliyekuwa na miaka sita. Akafumba macho, akaanza ile sala yake ya kila usiku, mbiombio kama wanavyosali watoto wenye njaa. Alishukuru kwa chakula, akawaombea bibi na babu, akawaombea wagonjwa, kisha akamalizia: "Na Baba umlinde huko aliko, umrudishe salama, amina."

Nilikuwa nimeketi mbele yake. Ningenyoosha mkono ningemgusa kichwa.

Dada zake wawili waliangua kicheko. Yeye akawa anawashangaa, maana hakujua kinachochekesha. Alikuwa ameijua sala hiyo kwa kuirudia, na katika sehemu kubwa ya maisha yake mafupi, chakula cha usiku kilipoiva baba alikuwa "huko aliko". Mke wangu hakucheka. Alinisogezea bakuli la mboga, akasema, "Karibu, Mchungaji." Siku hizo alikuwa ameanza kuniita Mchungaji hata tukiwa jikoni. Zamani aliniita kwa jina la mwanetu wa kwanza, kama mama yeyote anavyomwita baba wa watoto wake. Usiku ule nilijaribu kukumbuka ni lini alibadilisha, nikashindwa.

Nieleze juma langu lilivyokuwa, maana waumini wengi humwona mchungaji Jumapili tu. Usharika niliokuwa nikiuhudumia ulikuwa na mitaa minne, miwili ya mlimani na miwili ya tambarare, na pikipiki moja. Jumatatu mara nyingi ilikuwa mazishi. Jumanne vikao: kamati ya ujenzi, kamati ya fedha, kamati ya malezi. Jumatano maombi na kutembelea wagonjwa. Alhamisi mchana kipaimara, jioni kusuluhisha ndoa za watu. Ijumaa mkesha. Jumamosi kufunga ndoa, na kwenye sherehe ni lazima mchungaji afungue kwa sala na afunge kwa sala, na kati ya sala hizo mbili kuna saa tano. Jumapili ibada mbili, ubatizo, mnada wa mavuno, baraza la wazee. Nikirudi nyumbani, watoto wamelala. Nikiondoka asubuhi, wamekwenda shule.

Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha haki. Sikuwa baa, sikuwa kwa mwanamke mwingine, sikuwa nakimbia majukumu. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, na ndiyo sababu nimelipa sura nzima. Mke wa dereva wa basi akiona mume hashindi nyumbani atamlaumu tajiri mwenye basi. Mke wa mwalimu atamlaumu mkuu wa shule. Mke wa mchungaji amlaumu nani? Akifungua kinywa ataonekana anashindana na Mungu. Kwa hiyo ananyamaza, na watoto wanajifunza kunyamaza kama yeye, na mchungaji anauchukua ule ukimya kuwa ni baraka ya familia juu ya huduma yake. Mimi niliuchukua hivyo kwa miaka saba. Maneno mawili, "kazi ya Bwana", nilikuwa nikiyatumia nyumbani kama mtu anavyoweka komeo mlangoni. Yakishatamkwa, mazungumzo yamekwisha.

Baada ya sala ile ya mwanangu nilirudi kwenye kisa ambacho nilikuwa nimekifundisha mara nyingi kwenye semina za wazee wa kanisa. Ni kile cha Musa na mkwewe Yethro, katika Kutoka sura ya 18. Kila anayefundisha uongozi katika makanisa yetu anakipenda. Musa ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, foleni haiishi. Yethro anamwambia atachoka, yeye na watu wake. Anamshauri achague wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Mambo makubwa yaende kwa Musa, madogo wayaamue wao. Tunachora ubaoni, tunagawana kamati, tunakunywa chai, tunaondoka.

Safari hii nilianza kusoma mwanzo wa sura, na mwanzo wa sura hauanzii kwenye foleni. Unaanza na Sipora. Tunaambiwa Yethro alimchukua Sipora, mkewe Musa, ambaye Musa alikuwa amemrudisha kwao, pamoja na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri, akafunga nao safari kupita jangwani mpaka penye mlima wa Mungu. Alituma na ujumbe mbele yake: naja mimi mkweo, pamoja na mkeo na wanawe wawili. Ile safari haikuwa ya ziara ya kazi wala ya semina. Mzee yule alikuwa anarudisha familia mahali pake.

Tazama sasa Musa anavyowapokea. Anatoka kumlaki mkwewe. Anainama, anambusu, wanajuliana hali, wanaingia hemani. Musa anasimulia makuu yote ambayo Bwana amemtendea Farao, na taabu zote za njiani. Mkwe anafurahi, anatoa sadaka, wazee wa Israeli wanakuja kula pamoja naye. Mapokezi mazuri kabisa, ya heshima, kama mtu wa kwetu anavyompokea baba mkwe. Lakini tafuta humo ndani neno moja la Musa kumsalimia Sipora. Tafuta mahali anapomshika mkono Gershomu. Hupaoni. Sisemi kwamba hakuwasalimia. Maandiko hayaandiki kila kitu, na mimi si mtu wa kujaza nafasi zilizoachwa wazi na Roho Mtakatifu. Ninachosema ni kwamba mwandishi amewataja kwa majina, ameeleza hata maana ya majina ya watoto, kisha wakishafika penye hema la baba yao hawasemi neno wala hawaambiwi neno. Kesho yake, kesho yake hiyohiyo, Musa amerudi kwenye kiti chake, na watu wamesimama mbele yake tangu asubuhi hadi jioni.

Ndipo Yethro anaposema lile jambo la kugawana kazi. Sisi tumelisoma kama ushauri wa mtaalamu wa utawala. Lakini huyu ni baba wa Sipora. Amesafiri na binti yake na wajukuu wake jangwani, amewafikisha, kisha amekaa siku nzima akimwangalia mkwewe kuanzia jua linapochomoza mpaka linapozama. Mzazi yeyote mwenye binti aliyeolewa anajua moyo wa Yethro ulikuwa wapi siku ile. Hakumwambia Musa aache kazi ya Mungu, wala hakumwambia asimame mbele za Mungu mara chache zaidi. Alimwambia kazi ile imegawiwa vibaya. Naamini hilo ndilo neno ambalo wazazi Wakristo wa siku hizi tunalihitaji kuliko mahubiri yote kuhusu kupanga muda.

Kwa maana tumezoea kuzungumza habari ya mizani: huku huduma, huku familia, ongeza hapa, punguza pale. Mizani hiyo inamwachia mtu mmoja mzigo wote, kisha inamwambia aubebe kwa ustadi zaidi. Mtu mmoja hawezi kuwa mwamuzi wa taifa na baba wa watoto wawili kwa saa zilezile, awe na ratiba nzuri kiasi gani. Yethro hakugusa ratiba ya Musa. Aligusa idadi ya watu wanaobeba.

Lipo na la mbele zaidi, nami nalisema kwa hofu. Katika Waamuzi sura ya 17 na ya 18 kuna kijana Mlawi wa Bethlehemu ya Yuda. Alikuwa akitangatanga kutafuta mahali pa kukaa, mpaka akaajiriwa na mtu aitwaye Mika kuwa kuhani wa sanamu zake, kwa vipande kumi vya fedha kwa mwaka, na nguo, na chakula. Baadaye kabila la Dani likamnyakua, naye akawa kuhani wa sanamu ya kuchonga. Jina lake tunaambiwa mwishoni kabisa mwa kisa: Yonathani, wa uzao wa Gershomu. Na Gershomu ni mwana wa nani? Biblia yetu ya Kiswahili inasema wa Musa. Kwa Kiebrania waandishi wa kale walipachika herufi moja ndogo, nuni, ikining'inia juu ya mstari, ili jina Musa lisomeke Manase. Waliona aibu kwa niaba ya mtoa sheria. Herufi hiyo ingali inaning'inia mpaka leo katika Biblia za Kiebrania.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mtoto aliyepotea amepotezwa na huduma ya mzazi wake. Eli alishinda na wanawe Hofni na Finehasi katika hekalu moja, kazi moja, kila siku, na hawakuokoka kwa sababu hiyo. Samweli alizunguka Betheli, Gilgali na Mispa, lakini Maandiko yanasema kila mwaka alirudi Rama, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa huko. Hata hivyo wanawe wakapokea rushwa kule Beer-Sheba. Mtoto ana moyo wake na Mungu wake. Mama unayesoma hapa ukiwa na kijana aliye kwenye dawa za kulevya, sijakuandikia sura hii ili ikuhukumu. Ruka kurasa mbili mbele ukipenda.

Mtu wa pili ninayetaka kumweleza kwa kirefu alizikwa London, lakini mwili wake ulipita Bagamoyo. David Livingstone tunasoma habari zake tangu shule ya msingi: mmisionari, daktari, mvumbuzi, adui wa biashara ya utumwa. Nami namheshimu kwa hilo la mwisho. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873, mwezi mmoja tu baada ya kifo chake, na barua zake zilikuwa na sehemu kubwa katika kuwaamsha watu wa Uingereza. Shuleni hatukuambiwa habari za mkewe na watoto.

Alimwoa Mary Moffat mwaka 1845. Mary alikuwa mtoto wa wamisionari, aliyezaliwa na kukulia kusini mwa Afrika. Walikaa Kolobeng, katika nchi ambayo leo ni Botswana. Mwaka 1850 Livingstone alimchukua mke mjamzito na watoto wadogo kuvuka nchi kame ya Kalahari. Watoto waliugua homa. Binti aliyezaliwa baada ya safari hiyo alikufa akiwa na wiki chache tu. Mwaka uliofuata alimchukua tena, mjamzito tena, ingawa mama mkwe alikuwa amemwandikia barua kali ya kumsihi asifanye hivyo. Mtoto wa safari hiyo alizaliwa njiani, wakamwita William Oswell. Aprili 1852 Livingstone aliwapandisha mkewe na watoto wanne meli kule Cape Town waende Uingereza, nchi ambayo Mary hakukulia, wasikokuwa na nyumba. Walionana tena Desemba 1856. Mary alifariki Shupanga, kando ya mto Zambezi, Aprili 1862. Mwana wao wa kwanza, Robert, aliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwa jina la kubuni, akafa kambi ya wafungwa mwaka 1864 akiwa na miaka 18.

Yule aliyezaliwa njiani ndiye anayenisumbua zaidi. Mwaka 1872 Oswell alikuwa kijana wa miaka 20. Baba yake alikuwa bara kwa miaka mingi, hajulikani yu hai au amekufa. Chama cha Jiografia cha Uingereza kikaandaa msafara wa kwenda kumtafuta, na Oswell akajiunga nao akafika Unguja. Wakati huohuo mwandishi wa habari Stanley akawa anarudi pwani, baada ya kumkuta Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Habari zikafika: mzee yu hai, amepata vifaa, anaendelea na kazi yake. Msafara ukavunjika, na Oswell akapanda meli akarudi kwao. Kijana yule alisafiri kutoka Uingereza mpaka pwani yetu, akafika mahali ambapo wapagazi wangeweza kumwonyesha njia ya kwenda kwa baba yake, kisha akageuka. Hakumwona tena. Mei 1873 Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, amepiga magoti kando ya kitanda. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wale watu walitembea naye kwa miezi. Walimjua kuliko wanawe walivyomjua.

Livingstone mwenyewe aliliona hili. Akikumbuka miaka ya Kolobeng aliandika kwamba jambo moja tu alilijutia, kwamba hakuona ni wajibu wake kutenga muda wa kucheza na watoto wake. Jioni alikuwa amechoka mno kwa kufundisha na kufanya kazi za mikono, hakubaki na uchangamfu wowote. Kila ninapofika kwenye habari hiyo huiona meza yangu na taa ya chemli. Watoto wake hawakumkosa kwa sababu alikuwa mbali tu. Hata alipokuwa chumba kimoja nao, alichobakiza kilikuwa uchovu.

Mtu wa uamsho wa Afrika Mashariki atanikumbusha habari za Askofu Festo Kivengere wa Uganda, aliyewahi kufundisha Dodoma kabla ya uhuru. Husimuliwa kwamba siku moja alikwaruzana na mkewe, Mera, muda mfupi kabla ya kwenda kuhubiri. Akasikia moyoni Roho akimwambia arudi akapatane naye. Akajitetea kwamba watu wanamngoja, atapatana akirudi. Akajibiwa: vema, nenda ukahubiri, mimi nabaki hapa na mke wako. Akarudi ndani. Wale ndugu wa uamsho walijua kitu ambacho sisi wenye vyeti vya theolojia tunakisahau, kwamba toba ya mhubiri huanzia jikoni kwake.

Nasi Walutheri hatuna udhuru wowote. Mwaka 1529 Martin Luther alitoa Katekisimo Ndogo, kijitabu ambacho kila mtoto wetu wa kipaimara hukariri: Amri, Imani, Sala ya Bwana. Juu ya kila sehemu aliandika kwamba haya ndiyo ambayo mkuu wa nyumba anapaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Kwa hiyo kiliandikwa kisomwe mezani. Sisi tumekichukua tukakipeleka darasani, Alhamisi mchana, kwa mwalimu wa kipaimara, kisha wazazi wanakuja siku ya sherehe na zawadi na mpiga picha. Mimi nilifundisha vijana 40 katekisimo mwaka ule. Binti yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Aliijua Sala ya Bwana na maelezo yake yote, na hakuna hata neno moja alilolisikia kwangu nyumbani. Alilisikia kwangu darasani, akiniita Mchungaji kama wenzake.

Si wachungaji tu wanaosoma kitabu hiki, na wengi wenu hamna huduma yoyote ya kanisa zaidi ya kwaya. Mna kazi. Mama anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi usafiri, anarudi saa mbili usiku, na mtoto amelelewa na dada wa kazi ambaye mwenyewe ni mtoto wa watu. Baba ni dereva wa lori la Lubumbashi. Mama yuko Muscat, mwaka wa pili sasa. Wapo waliompeleka mtoto bweni akiwa na miaka sita kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpokea mchana. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na wazazi wengi Wakristo walinung'unika, kwa kuwa shule nyingi za bweni ni za makanisa yetu. Mimi niliona Serikali imetuhubiria.

Lakini na hapo nimekosea mara moja, nami nitalitubu kosa hilo hapa. Jumapili moja nilihubiri juu ya mama mwema kutoka Mithali 31, nikasisitiza kwamba mahali pake ni nyumbani. Jumanne mama mmoja muuguzi, mjane, akaja ofisini. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, amevaa sare bado. Akasema, "Baba Mchungaji, nimekuja kuuliza. Nikikaa nyumbani, wanangu watakula nini?" Nilifungua Biblia kumtuliza, nikasoma sura ile mbele yake, na nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyonyong'onyea. Mwanamke wa Mithali 31 anaamka kungali giza. Ananunua shamba. Anapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Anatengeneza nguo na kuziuza. Ana wajakazi wanaomsaidia. Taa yake haizimiki usiku, kama ya wodi ile alikotoka yule mama. Nilimwomba radhi palepale, na Jumapili iliyofuata niliomba radhi madhabahuni.

Ndipo akaniambia anavyofanya. Mezani kwake kuna daftari la kurasa 96, la kawaida la shule. Kabla ya kwenda zamu ya usiku anaandika mistari miwili au mitatu kwa watoto wake: nini kiko sufuriani, nani aoshe vyombo, na jambo moja alilowaombea siku hiyo, kwa jina la kila mtoto. Asubuhi anapoingia, kabla ya kulala, anasoma walichojibu. Mara nyingine ni "Mama, uji umeungua, tumekula mkate." Mara nyingine ni mstari wa Biblia uliokosewa. Alinionyesha ukurasa mmoja ambapo mwanawe wa darasa la pili alikuwa ameandika tu, kwa kalamu ya risasi, kwamba ndoto mbaya imerudi. Mama yule alilala saa mbili siku hiyo, akaamka mapema akamfuata shuleni kwa miguu. Alikuwa na daftari la nane.

Mama huyo yuko nyumbani kuliko nilivyokuwa mimi. Kwa sababu yake ninawaambia akina baba walio safarini: piga simu saa ileile kila siku, na usihubiri kwenye simu. Uliza kuku ametotoa vifaranga wangapi. Uliza kama yule rafiki aliyeibiwa kalamu aliipata. Mtoto anayesimuliwa Mungu na baba asiyejua jina la rafiki yake atamwona Mungu naye ni mtu wa mbali.

Tulichofanya sisi kilianza kwenye baraza la wazee, na hakikuwa rahisi. Nilisoma Kutoka 18 yote, tangu Sipora. Nikapendekeza mambo machache: wainjilisti wa mitaa waongoze mazishi ya mitaa yao, wenyeviti wa kamati waendeshe vikao bila mimi na waniletee muhtasari, Jumatatu nisiwe ofisini. Kimya. Kisha mama mmoja mzee wa kanisa, mtu wa heshima sana, akasema kwa uchungu, "Kwa hiyo marehemu wetu azikwe na mwinjilisti? Kwani alikuwa mkosaji?"

Swali hilo linaeleza kwa nini ushauri wa Yethro haushiki makanisani kwetu. Waumini hawakatai kugawana kazi. Wanachokataa ni kudharauliwa mbele ya majirani, na mchungaji kusimama kaburini kumekuwa alama ya heshima ya ukoo. Tulilijadili miezi mitatu. Kilichotusaidia ni kwamba wainjilisti walipewa majoho mapya, wakatambulishwa rasmi kila mtaa, nami nikaanza kwenda kwenye misiba siku nyingine, jioni, kuketi na wafiwa bila kuhubiri.

Upande wangu kulikuwa na kikwazo kingine, na hiki ndicho nilichokawia kukiri. Nilipenda kuitwa. Simu ikilia saa nne usiku, mtu akisema "Baba Mchungaji, bila wewe hapa hatuwezi," moyo wangu ulijaa. Nyumbani hakuna aliyesema bila wewe hatuwezi. Walikuwa wamejifunza kuweza. Mzazi Mkristo anayetaka kubadilika na asiguse mahali hapa, atapunguza vikao viwili na kuongeza vitatu vingine kabla mwaka haujaisha. Mimi mwenyewe, Jumatatu ya pili tu ya mpango wetu, nilikwenda kwenye mazishi ya tajiri mmoja kwa sababu niliogopa kutoonekana.

Mwanangu aliendelea kuomba "huko aliko" kwa miezi mingi baada ya hapo, hata nilipokuwa nimeketi naye mezani usiku wa nne mfululizo. Sikumsahihisha. Mke wangu siku moja, akiwa nje anaanika nguo, aliniita kwa jina la mwanetu wa kwanza nimletee beseni, nami nikalipeleka mbio.

Wazee wa kanisa mnaosoma sura hii, nawasihi. Mchungaji wenu hatawaomba nafasi hiyo, maana anaogopa kuonekana mvivu, na mkewe hatawaambia, maana anaogopa kuonekana anampinga Mungu. Anzeni ninyi. Katika kikao kijacho, kabla ya taarifa ya mapato na matumizi, mwulizeni amekula chakula cha usiku nyumbani kwake mara ngapi juma hili, kisha mgawane kati yenu yale yaliyomzuia. Kwetu Jumatatu ofisi inafunguliwa na mwinjilisti, na namba yake ya simu imebandikwa mlangoni.